Kutoka Kalukuluku hadi Kasapa: njia ya shaba na hesabu ya 46

Mji wa Lubumbashi ulizaliwa na shimo lililochimbwa Ruashi. Wenyeji waliliita Kalukuluku, Wabelgiji wakalibatiza Étoile du Congo. Mawe yake ya kijani ndiyo yaliyoyeyushwa katikati ya 1911 katika tanuru jipya kando ya mto Lubumbashi. Mwaka huo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilipata tani 997 za shaba. Reli kutoka kusini ilikuwa imefika Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, mwaka mmoja tu kabla, Septemba 1910. Kwanza shimo, kisha reli, kisha tanuru, na mji ukafuata nyuma yao.

Nimeifuata njia hiyo kutoka ukingo wa Kalukuluku, nikapita mitaa ya Ruashi na Kampemba, nikaingia katikati ya mji na kutokea barabara ya Kasapa, kilipo Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Habari za shaba zimekwisha kuandikwa na wengi. Mimi nilikuwa nafuata historia ya swali ambalo mama wa Ruashi huulizwa na wakwe, au hujiuliza mwenyewe usiku, mtoto wake anapozaliwa na sura au mwili usiofanana na wa ndugu zake: nani amefanya hivi? Sayansi ilipata sehemu kubwa ya jibu katika miaka ileile ambayo nyumba za Ruashi zilikuwa zinajengwa. Zaidi ya miaka 60 imepita, na jibu hilo bado halijafika katika kila nyumba.

Kambi zilizohesabu watoto

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Ruashi hutua juu ya mabati na juu ya nguo zilizoanikwa. Nyumba na mgodi vinatazamana, na mahali pengine ni ukuta tu unaotenganisha ua wa familia na ardhi ya kampuni. Ujirani huu ni wa siku nyingi.

Miaka ya mwanzo wanaume waliletwa peke yao, wakafanya kazi kwa muda, wakarudi makwao au wakafia hukuhuku. Kampuni ikaishiwa na mikono. Katika miaka ya 1920 ikaenda kutafuta watu mbali zaidi: Maniema, Lomami, Kasai, Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka hiyo ikabadili siasa yake. Mfanyakazi akaruhusiwa kukaa na mkewe, akapewa nyumba kambini, na watoto wakazaliwa papo hapo. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, alizijali sana kliniki za wajawazito na mizani ya kupimia watoto wachanga. Watoto walihesabiwa kwa bidii, kwa sababu mtoto wa kambini alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho.

Hivyo ndivyo walivyokutana watu ambao mababu zao hawakuwahi kuonana. Mwanamume wa Maniema alimwoa binti wa Kasai, jirani yao akatoka Burundi, na Kiswahili kikawa lugha ya uani. Kila mtoto wa ndoa hizo alipokea nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama. Tumezoea kusema ni damu, lakini kinachorithiwa ni kromosomu: nyuzi ndogo mno ndani ya kiini cha seli, zilizosokotwa kwa DNA, ambazo hubeba jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha.

Madaktari waliowapima watoto hao hawakujua binadamu ana kromosomu ngapi, na hawakuwa peke yao. Mwaka 1923 Theophilus Painter wa Texas alitangaza kwamba ni 48. Vitabu vikaandika 48, walimu wakafundisha 48, na kwa zaidi ya miaka 30 waliochungulia kwenye hadubini waliiona ile 48 waliyotarajia kuiona.

Mwaka wa 46

Ruashi ya nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu ni kazi ya miaka ya 1950. Iliijenga Office des Cités Africaines, shirika la serikali ya kikoloni lililoundwa 1952 ili kuwapa Waafrika wa mijini mahali pa kukaa, mbali na mitaa ya Wazungu. Wakati mafundi wakipandisha kuta hizo, huko Lund, Sweden, Joe Hin Tjio alikuwa akitazama seli za mapafu ya kijusi. Huyu alikuwa mzaliwa wa Java, na wakati wa vita alifungwa na Wajapani. Sasa alizitia seli zake katika maji yenye chumvi kidogo ili zivimbe na kromosomu zake ziachane, na akatumia dawa iitwayo kolkisini kuzisimamisha katikati ya kugawanyika. Mnamo 22 Desemba 1955 akahesabu, akarudia kuhesabu. Zilikuwa 46. Yeye na mwenzake Albert Levan wakachapisha matokeo hayo 1956, na mwaka huohuo chuo kikuu cha serikali kilifungua milango yake Élisabethville, ndicho mzazi wa chuo cha leo cha Kasapa.

Ili kuona uzito wa hesabu hiyo, turudi kwenye mwanzo wa kila mtu. Sote tulianza tukiwa seli moja. Seli hiyo iligawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, hadi ukapatikana mwili mzima. Mjerumani Walther Flemming alikuwa ameueleza mgawanyiko huu 1882 baada ya kutazama seli za salamanda. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kila kromosomu. Nakala hujipanga katikati, nyuzi nyembamba huzivuta kila moja upande wake, na kila seli mpya huondoka na seti kamili. Mgawanyiko huo huitwa mitosisi, nao unaendelea sasa hivi katika ngozi yako na katika uboho wa mifupa yako.

Yai la mama na mbegu ya baba hutengenezwa kwa mgawanyiko mwingine, meiosisi, ambao hupunguza hesabu kutoka 46 hadi 23. Zingekuja na 46 kila moja, mtoto angekuwa na 92. Fikiria jozi 23 za viatu zinazogawiwa mifuko miwili, kila mfuko kiatu kimoja cha kila jozi. Mara nyingi ugawaji huenda sawa. Mara nyingine jozi moja hunata, viatu vyote viwili vikaingia mfuko mmoja na mwingine ukakikosa kiatu hicho. Yai la namna hiyo likikutana na mbegu ya kawaida, mtoto huwa na kromosomu 47 au 45. Hapo hakuna mkono wa jirani wala neno la shangazi aliyenyimwa mahari. Ni mgawanyo uliokwama mahali padogo kuliko ncha ya sindano.

Jogoo wa Paris

Hesabu ya 46 ilipopatikana, watafiti walianza kuwatazama upya watu ambao tiba ilikuwa imewapa majina bila kuwaelewa. Wa kwanza walikuwa watoto ambao daktari Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza 1866: macho yaliyoinuka pembeni, misuli laini, ujifunzaji wa polepole. Down aliwafananisha na Wamongolia, kwa sababu enzi yake iliwapanga watu wote kwa ngazi za mbari. Jina hilo la dharau lilidumu karibu karne nzima, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoliacha 1965 baada ya Mongolia kulikataa.

Katika hospitali ya Trousseau mjini Paris alikuwapo daktari wa moyo wa watoto, Marthe Gautier, aliyekuwa amejifunza Marekani namna ya kuotesha seli katika chupa. Hakuwa na fedha za maabara. Plazima ya kuoteshea seli aliipata kwa jogoo aliyemfuga mwenyewe, na seramu aliitoa katika damu yake yeye mwenyewe. Mwaka 1958, katika seli za mtoto mwenye hali ya Down, aliona kromosomu moja ya ziada. Mwenzake Jérôme Lejeune alizichukua slaidi kwenda kuzipiga picha. Makala ilipotoka Januari 1959, jina la Lejeune lilitangulia na la Gautier likafuata, tena limekosewa herufi. Ilichukua hadi 2014 kamati ya maadili ya taasisi ya utafiti wa afya ya Ufaransa kusema wazi kwamba mchango wake ulikuwa mkubwa. Alifariki 2022.

Kromosomu hiyo ya ziada ni ya 21, na ndiyo maana madaktari wa Kongo husema trisomia 21. Milango mingine ilifunguka haraka. Mwaka 1959 watafiti wa Uingereza walieleza wasichana wenye kromosomu X moja tu, hali ya Turner, na wanaume wenye X mbili na Y, hali ya Klinefelter. Mwaka 1960 zikaja trisomia 18 na trisomia 13, ambazo watoto wengi hawazihimili hata kwa mwaka mmoja.

Klinefelter inastahili kutajwa kwa sauti katika mji wetu. Humpata mwanamume 1 kati ya 600 hivi, na wengi wao hawazai bila msaada wa tiba, ingawa kwa macho ni wanaume kama wengine. Ni wanawake wangapi wamerudishwa kwao na kuitwa tasa, na hakuna aliyefikiria kumpima mume? Vivyo hivyo mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza: karibu nusu yake huwa na hitilafu ya kromosomu. Mama hulaumiwa kwa kubeba ndoo, kwa kugombana, kwa kupita mahali pabaya, na kumbe mimba hiyo isingeweza kuendelea tangu siku yake ya kwanza.

Saa ya yai

Mwaka 1933, hata kabla ya hesabu ya 46, Lionel Penrose wa Uingereza alithibitisha kwamba kinachoongeza uwezekano wa hali ya Down ni umri wa mama. Katika umri wa miaka 20 hutokea kwa mtoto 1 kati ya 1,500 hivi. Katika 35 ni 1 kati ya 350, na katika 40 ni 1 kati ya 100. Hata hivyo watoto wengi wenye trisomia 21 huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa vijana ndio wanaozaa zaidi.

Sababu iko katika saa ya yai. Msichana huzaliwa akiwa na mayai yake yote, na kila yai limeanza meiosisi likasimama njiani. Yai lililozaa mtoto wa leo lilianza kugawanyika wakati mama yake angali tumboni mwa bibi. Likasubiri miaka 20, 30 au 40, kisha likamaliza mgawanyiko katika mwezi ule lilipokomaa. Kadiri linavyosubiri, vishikizo vya kromosomu hulegea. Mama hakukosea chakula wala maneno. Hawezi kulaumiwa kwa jambo lililoanza kabla hajavuta pumzi yake ya kwanza.

Si hali zote za kuzaliwa nazo zinazoenda hivyo, na familia zinahitaji kuelezwa tofauti. Selimundu, ambayo hapa tunaiita SS, haina kromosomu ya ziada. Ni kosa la herufi moja katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11, na mtoto huugua akilipokea kwa baba na kwa mama. Sehemu ya ushahidi wa jambo hilo ilipatikana jirani na Katanga. E. A. Beet, mganga wa serikali huko Balovale katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alizifuatilia familia za eneo lake na kuchapisha matokeo 1949, mwaka ambao James Neel wa Marekani alifikia jibu hilohilo. Kwa wazazi wawili waliobeba jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kumpata mtoto mgonjwa. Kwa trisomia 21 ya kawaida, ambayo ni karibu asilimia 95 ya hali za Down, wazazi wenyewe wana kromosomu 46 kila mmoja na hawana walichorithisha.

Uso uliofundishwa kwa picha za wengine

Kwa miaka mingi madaktari waliandika kwamba hali ya Down ni nadra kwa Waafrika. Maneno hayo yalidumu hadi mtu alipohesabu. Mwaka 1982 A. A. Adeyokunnu alichapisha takwimu za Ibadan, Nigeria: mtoto 1 katika kila 865 waliozaliwa hai, kiwango kisichopishana sana na cha Ulaya. Watoto hao walikuwapo siku zote. Wengi walikufa mapema kwa maradhi ya moyo, ambayo huwapata karibu nusu yao, na wengine hawakutambuliwa.

Tatizo la kutotambua ni la leo pia. Mwaka 2017 Aimé Lumaka wa Kinshasa na wenzake walijaribu programu ya kompyuta inayosoma nyuso ili kutaja hali za kijeni. Iliwatambua watoto wa Ubelgiji wenye Down kwa asilimia 80, na watoto wa Kongo kwa asilimia 37 tu. Walipoifundisha kwa picha za Kiafrika, ilipanda ikapita asilimia 90. Watoto walikuwa walewale. Kilichobadilika ni picha zilizomfundisha mtazamaji, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wale waliohesabu 48 kwa miaka 30.

Baba anapotoka mgodini

Njia yangu ilianzia mgodini, na siwezi kufika chuoni bila kulitazama vumbi. Swali la nani amefanya hivi lina nusu ya pili, ambayo haihusu bahati ya mgawanyo.

Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti mkojoni kwa viwango ambavyo havikuwahi kuripotiwa kwa wakazi wa kawaida popote. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Katika mkojo wa watoto wa mtaa huo waliona alama za DNA iliyoharibiwa.

Utafiti ulioigusa Lubumbashi moja kwa moja ulichapishwa 2020. Kati ya 2013 na 2015 watafiti walilinganisha watoto wachanga 138 wenye kasoro zinazoonekana kwa macho na watoto 108 wasio nazo. Baba aliyefanya kazi inayohusiana na madini alikuwa na uwezekano mara tano hivi zaidi wa kupata mtoto mwenye kasoro. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, hivyo ukubwa halisi wa hatari unaweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Hawakuona uhusiano na kobalti waliyoipima. Manganisi na zinki katika damu ya kitovu ndizo zilizojitokeza. Na mama waliotumia vitamini wakati wa ujauzito walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Tusichanganye mambo. Utafiti huo haukusema kwamba vumbi huleta trisomia 21, nami sisemi hivyo. Lakini ulimtaja baba katika mji ambao kila kidole kilimwelekea mama. Yai husubiri, lakini mbegu za mwanamume hutengenezwa upya kila siku, na kila mbegu huchukua miezi miwili na nusu hivi kukamilika. Anachovuta na kukishika mchimbaji leo kinaukuta mgawanyiko ukiendelea, na mavumbi anayorudi nayo kwenye nguo yanaingia nyumbani alimo mke mjamzito.

Kasapa

Kutoka Ruashi kwenda chuoni unaliona bomba la moshi la kiwanda cha zamani, refu kupita mita 150, na pembeni yake mlima mweusi wa mabaki ya shaba, rundo la kazi iliyoanzia Kalukuluku. Ukifika barabara ya Kasapa unaingia mahali ambapo watoto na wajukuu wa wale waliopimwa kwenye mizani za kambi ndio wanaopima sasa. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa zaidi kwenye njia hii yote. Hesabu ya watoto wa Katanga iliwekwa kwanza ili kampuni ipate wafanyakazi. Leo madaktari wa Lubumbashi wanaiweka ili watoto waishi.

Na wanaweza kuishi. Marekani, mtu mwenye hali ya Down alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa ni karibu 60. Kromosomu yake ya ziada haikuondolewa. Moyo ulipimwa mapema na kufanyiwa upasuaji, maambukizi yakatibiwa, masikio na tezi ya shingo vikaangaliwa, na mtoto akabaki na familia yake, akaenda shule.

Mama anayejifungulia Ruashi anastahili kuambiwa waziwazi, kwa Kiswahili, akiwa bado kitandani, tena baba na wakwe wakisikia: mtoto wako ana kromosomu moja zaidi, hukuifanya wewe, hakuna aliyekuroga, na moyo wake upimwe kabla hamjazoea kumwona akihema. Binti anayetarajia kuolewa apate asidi ya foliki kabla ya mimba, kwa maana utafiti mkubwa wa 1991 ulithibitisha kwamba hupunguza kwa karibu robo tatu kasoro za uti wa mgongo na ubongo kwa mama waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro hizo. Mchimbaji apate mahali pa kuoga na kubadili nguo kazini. Na wenye migodi wapimwe kwa vumbi wanalolimwaga juu ya mitaa kama wanavyopimwa kwa tani wanazouza. Trisomia haina mkosaji, na mama wa Ruashi wamebeba lawama yake muda mrefu mno. Vumbi lina wenyewe, na hao ndio wanaopaswa kuulizwa.